Kiraka cha Feni ya Mwalimu

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hicho chombo chako kinanichoma mapaja."

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, na kibanda changu hapa Barabara ya Nane, Ngamiani, Tanga, kilikuwa na joto la tanuri la mikate hata kabla sijawasha kitu. Mwalimu ni mstaafu anayeandika historia ya ukoo wake tangu nimfahamu. Aliitua laptopu mezani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeepua sufuria bila kitambaa. Ni mashine ya mtumba kutoka Ulaya, kibodi yake ya Kijerumani, ile ambayo Z na Y zimebadilishana viti. Aliiita chombo changu kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea Linux, baada ya Windows 10 kufikia mwisho wa kupewa marekebisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kuikataa prosesa yake kwamba imezeeka.

Nilifanya anayoyafanya kila fundi. Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikakwangua pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Feni nikaizungusha kwa kidole: laini, haigusi popote. Nikafunga, nikawasha, nikaipa mashine kazi nzito ya kubana video. Joto likapanda 70, 80, 90, feni kimya. Ilipofika 94 ndipo iliposhtuka, ikavuma nusu dakika, ikalala tena. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo chuma kilikuwa salama, ila kinaburuta miguu, na aliyekuwa anaungua ni Mwalimu.

"Niachie wiki moja," nikamwambia.

Kwenye Linux joto husomwa kama faili. Ukilifungua unakuta namba, tuseme 94000, maana hesabu yake ni ya elfu za nyuzi. Kando yake huwa kuna faili jingine la feni, linalosema inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kwenye mashine ya Mwalimu halikuwapo. Ninaisikia ikivuma kwa masikio yangu, lakini kwa Linux mashine ile haikuwa na feni kabisa.

Hapo nieleze kidogo. Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi ambayo mtumiaji haioni, inayokaa kati ya programu na vyuma. Linus Torvalds alipoianza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland, ilikuwa na takriban mistari 10,000 ya msimbo. Leo imepita milioni 30, na sehemu kubwa ya mistari hiyo ni draiva, yaani vipande vya programu ambavyo kila kimoja kinajua kuzungumza na aina fulani ya kifaa: hiki kadi ya mtandao, hiki kamera, hiki feni.

Na feni ya laptopu, tofauti na wengi wanavyodhani, haipokei amri kutoka kwa prosesa. Iko chipu ndogo kwenye ubao, ileile inayoshughulika na kibodi na chaji ya betri, na hiyo ndiyo iliyoshika hatamu. Inaendelea na kazi hata Linux ikiwa imekufa kabisa, na ina ratiba yake ya lini feni iamke. Ratiba ya mashine hii, nahisi, ilipangwa na mtu aliyekaa kwenye ofisi ya baridi na asiyependa kelele. Kazi ya draiva ni kupeleka ombi kwa chipu hiyo: niambie kasi, ongeza, punguza, au endelea na ratiba yako.

Draiva ya kampuni iliyounda mashine ile ilikuwamo kwenye kerneli tayari. Nikaisoma usiku, umeme ukikatika na kurudi. Ndani yake kuna jedwali la miundo inayoruhusiwa. Draiva ikiamka hulinganisha jina lililoandikwa kwenye BIOS na jedwali hilo, na jina lisipokuwamo hujiondokea bila kusema neno. Ndugu wa mashine ya Mwalimu alikuwamo, jina lilelile na tarakimu zilezile. Ya kwetu ina herufi moja zaidi mwishoni, basi.

Mara ya kwanza nilikasirika. Kwa nini kuwe na orodha ya walioalikwa, kama harusi? Nilielewa niliposoma historia ya draiva moja ya zamani iitwayo i8k. Iliandikwa mwaka 2001 na Massimo Dal Zotto kwa ajili ya laptopu ya Dell Inspiron 8000, na leo inaishi kwa jina jingine katika kitengo cha kerneli kinachosimamia vipima joto na feni. Draiva hiyo ilizoea kuchukua kasi iliyopewa na mashine na kuizidisha mara 30, kwa kuwa ndivyo mashine za mwanzo zilivyohesabu. Zikaja za baadaye zinazotoa kasi kamili. Zidisha na hiyo mara 30 uone: feni inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inakuwa 90,000, kasi ambayo ingeirusha ukutani. Na hilo ni kosa la kuchekesha tu. Iko miundo ambayo draiva ikiuliza habari za feni, BIOS hushika prosesa na kuganda nayo takriban nusu sekunde, kipanya kinasimama, sauti inakatika. Miundo hiyo imeandikwa kwenye orodha ya waliokatazwa, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliona mashine yake ikikwama na akasema.

Kwa hiyo jedwali lina maana yake. Anwani ileile ndani ya chipu inaweza kuwa kasi ya feni kwenye mashine hii, na kwenye ya jirani ikawa taa ya kibodi au kiwango cha chaji ya betri. Kubahatisha hapo ni kuchezea mali ya mtu usiyemjua.

Nikaandika kiraka. Watu wa kerneli wanakiita hivyo katika lugha yao pia, na neno linafaa: kitambaa kidogo unachokishonea juu ya nguo kubwa. Changu kilikuwa na mambo mawili: jina la mashine kwenye jedwali, na kipande kipya cha msimbo cha kuiwezesha Linux kupanga kasi ya feni, jambo ambalo draiva ile haikulijua kwa familia hiyo ya mashine. Mistari 61 iliongezwa, 4 ikaondolewa. Nikajenga kerneli yangu, nikaiweka, feni ikaamka kwenye nyuzi 60 kama binadamu mwenye akili zake. Wiki haijaisha, Mwalimu akachukua mashine yake.

Fundi mwingine angeishia hapo. Lakini kerneli hupata matoleo mapya kila mara, na kila mashine ikijisasisha, kiraka changu kingefutika na Mwalimu angerudi na mapaja yake. Njia pekee ya kukifanya kikae ni kukiingiza kwenye kerneli yenyewe, huko inakotoka kwenda kwa watu wote. Na kuna jingine lililonisukuma, nalisema bila haya. Mashine hizi zikifika kwetu zina miaka sita au saba. Wahandisi waliozijaribu zilipokuwa mpya wameshapewa nyingine, na wanunuzi wa kwanza wameziuza kwa uzito kama vyuma chakavu. Walio nazo mikononi, zikiwaka kila siku kwenye joto na vumbi, ni sisi. Tusipozisemea sisi, hakuna wa kuzisemea.

Ghala la kerneli lina faili kubwa linaloorodhesha nani anasimamia nini, na kiprogramu kidogo ambacho ukikipa kiraka chako kinakutajia majina ya kuwatumia. Kuna kiprogramu kingine cha kukagua mwandiko. Hicho kilinilalamikia mara nne, mara tatu kati ya hizo kwa sababu nilisogeza mistari kwa nafasi badala ya kitufe cha tabo. Nikarekebisha. Kisha chini ya maelezo nikaweka mstari wa sahihi, wenye jina langu kamili na anwani yangu ya barua pepe. Mstari huo ulianza kutakiwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai kwamba mali yake imeingizwa kwenye Linux. Ukiuweka unatamka kwamba wewe una haki ya kuutoa msimbo huo. Nilipouandika wa kwangu nilihisi kama mtu anayesaini hati ya shamba.

Nilituma saa sita usiku. Asubuhi nikaamkia aibu. Programu yangu ya barua pepe ilikuwa imekunja mistari mirefu na kugeuza tabo zote kuwa nafasi, hivyo kiraka hakikuweza kubandikwa popote. Nikatuma tena kwa njia inayopendekezwa, kupitia Git, chombo ambacho Torvalds alikiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiihii. Safari hii kabla binadamu yeyote hajasoma, roboti lilikuwa limeshajibu. Yako maroboti yanayochukua kila kiraka na kukijenga katika mipangilio mingi tofauti, na hilo liligundua kwamba mtu akijenga kerneli bila sehemu fulani ya usimamizi wa umeme, msimbo wangu haujengeki. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu wa namna hiyo duniani.

Siku tisa baadaye msimamizi akajibu. Sitamtaja, hakuomba kuandikwa gazetini. Hakuanza na asante wala pole. Alinukuu maneno yangu, na chini ya kila fungu akaweka swali. La kwanza lilikuwa hili: umejaribu kwenye mashine ipi kati ya hizi tatu?

Nikakaa chini. Ni kweli, kwenye jedwali nilikuwa nimeingiza miundo mitatu. Mmoja wa Mwalimu, na miwili niliyoiona kwenye matangazo ya kuuzia, inayofanana sana na huo. Niliona ni ukarimu. Nikajibu kwa ukweli kwamba nimejaribu mmoja, akaniambia niitoe miwili mingine. Kama wenye nazo wapo, watakuja wenyewe.

Swali la pili lilikuwa la hesabu, nalo ndilo ninalolisimulia kwa vijana wanaokuja kujifunza kibandani. Kerneli imeweka kipimo kimoja cha kuamuru feni za aina zote: 0 hadi 255. Chipu ya mashine ya Mwalimu inajua ngazi 0 hadi 7 tu. Mimi nilitafsiri kwa njia ya mkato: chukua namba, zidisha kwa 7, gawa kwa 255. Msimamizi akaandika namba moja tu: 20. Hesabu nawe. Ishirini mara saba ni 140. Gawa kwa 255, kwa kalamu unapata nusu na ushee. Lakini lugha ya C ikigawa namba nzima, kinachobaki baada ya nukta hutupwa, jibu linakuwa sifuri. Na ngazi ya sifuri kwenye chipu ile maana yake ni feni isimame kabisa. Kwa hiyo mtu anayeomba upepo kidogo angenyimwa wote, na kwa kuwa amri imetoka kwa mtu, ratiba ya chipu isingeingilia kati. Mimi nilijaribu kwa 128 na 255, nikaona feni inatii, nikaridhika. Dawa ilikuwa neno moja, maana kerneli ina namna yake tayari ya kugawa na kukaribisha kwenye namba iliyo jirani.

La tatu liliniuma zaidi kwa sababu nilipaswa kulijua. Mtu ameweka feni ngazi ya chini kwa mkono, kisha draiva ikaondolewa, au mashine ikalazwa na kuamshwa. Nani anairudisha feni kwenye ratiba? Kwenye kiraka changu, hakuna. Draiva ya laptopu za ThinkPad imelifikiria jambo hili muda mrefu: kwanza hairuhusu kugusa feni mpaka mwenye mashine aombe kwa makusudi, na pia ina saa ya ulinzi inayoweza kuwekwa hadi sekunde 120, ili programu inayoendesha feni ikinyamaza kupita muda huo, chipu irudishiwe usukani. Yangu niliiandikia kwamba ikiondoka inakabidhi, na mashine ikiamka inauliza upya. Kisha nikamwomba Mwalimu anirudishie chombo chake kwa siku moja. Nilifunga na kufungua kifuniko mara 40 nikiwa na daftari. Mara ya 17 feni haikuamka. Nilikuwa nauliza mapema mno, chipu bado inajinyoosha. Kosa hilo hakuna aliyeniuliza. Lilitoka kwenye daftari.

Maswali mengine yalikuwa madogo, na baadhi, nasema ukweli, yalinichosha. Nipange jina kwenye jedwali kwa alfabeti. Nieleze kwa nini mabadiliko yanahitajika badala ya kueleza yanafanya nini, maana yanachofanya kinasomeka. Kila nikituma toleo jipya niandike chini ya vistari vitatu nimebadilisha nini tangu la awali. Yaliyo chini ya vistari hivyo husomwa na wapitiaji, kisha hutupwa. Nilipofika toleo la tatu nilimwambia kijana wangu wa kazi kwamba hawa jamaa wanapika pilau kwa punje. Akaniuliza kama nimeshapata punje nyingine iliyooza. Nikanyamaza.

Kisha akaja mtu mwingine kabisa, kutoka bara jingine, mwenye mashine kama ya Mwalimu. Alikuwa amekijaribu kiraka kwa wiki nzima na kimefanya kazi. Sahihi yake ya ushahidi ikaongezwa chini ya yangu. Sijui sura yake. Najua tu kwamba feni yake huzunguka mara 2,700 hivi kwa dakika akiwa anasoma barua.

Ombi la mwisho la msimamizi nililiona kama ukiritimba mpaka nilipojua sababu: kata kiraka vipande viwili. Jina kwenye jedwali peke yake, uwezo mpya wa kupanga kasi peke yake. Matoleo ya zamani ya kerneli, yale yanayotunzwa na Greg Kroah-Hartman na wenzake ili watu wasiotaka mapya wapate marekebisho tu, yanakubali kupokea jina la mashine kwenye jedwali. Uwezo mpya hayaupokei. Vikiwa kitu kimoja, vyote viwili vingengoja. Vikitenganishwa, kile chepesi kinatangulia mbele.

Toleo la nne lilijibiwa kwa neno moja, kwamba limepokelewa, na msimamizi akaweka sahihi yake chini ya zetu. Kuunganishwa kwenyewe hakuna shamrashamra. Kiraka kinaingia kwenye ghala la msimamizi, kinachanganywa na vya wengine kwenye ghala la majaribio kuona kama vinagombana, kisha kinasubiri dirisha. Toleo la kerneli likishatoka, Torvalds hufungua wiki mbili za kupokea mapya kutoka kwa wasimamizi. Baada ya hapo mlango unafungwa, na karibu kila Jumapili linatoka toleo la kujaribiwa, saba au manane hivi, marekebisho tu. Mzunguko mzima ni wiki tisa au kumi. Mimi niliamka asubuhi moja ya Juni, nikavuta ghala lake, nikaona mistari yangu imo. Nikanywa chai, nikaenda kubadilisha kioo cha simu ya mtu.

Nilikuwa nimesahau kueleza jambo moja. Kiraka huweza kubeba mstari unaomtaja aliyeripoti tatizo, na kama aliripoti faraghani unatakiwa kwanza umwombe ruhusa. Nilimwomba Mwalimu mwezi Machi. Aliuliza kama kuna malipo, nikasema hakuna. Aliuliza kama jina lake litasomwa na watu, nikasema yeyote anayetaka. Akaniandikia majina yake matatu kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wa ubaoni, nami nikayapiga chapa.

Julai toleo kamili lilipotoka nilimwita. Nikamfungulia ukurasa wa historia kwenye laptopu yake mwenyewe, feni ikivuma taratibu. Nikamweleza kwamba kila badiliko limefungwa na lililotangulia kwa alama inayokokotolewa kutokana na maandishi yake yote, kwa hiyo huwezi kurudi nyuma kugeuza hata nukta bila kuvuruga mnyororo wote uliofuata. Mwalimu akavaa miwani, akainama, akasoma mstari wake herufi kwa herufi huku kidole kikigusa kioo.

"Fundi," akasema, "jina la baba yangu halina *h* mwishoni."